Mkalimani Anasema

Viziwi walimwita Mwanya, na hata wenzake wa kazini wakaishia kumwita hivyo hivyo. Jina lenyewe halikuanza kwa kutamkwa, lilianza kwa kuoneshwa: kidole kinagusa meno mawili ya mbele, pale penye nafasi, basi. Baba yake alikuwa kiziwi, mama yake kiziwi, na yeye peke yake ndiye aliyezaliwa nyumba ile na masikio yanayofanya kazi. Alijua kuzungumza kwa mikono kabla ya kujua kuzungumza kwa mdomo, na tangu ana miaka mitano alikuwa mdomo wa nyumba nzima, dukani, kwa mwenye nyumba, kwa daktari. Alipokuwa mtu mzima na jambo hilo likawa ndiyo kazi inayomlisha, hakuna aliyeshangaa.

Kazi aliifanyia bungeni. Juu ya ukumbi, nyuma ya kioo, kulikuwa na chumba ambacho kingeweza kuwa kabati la nguo, chenye kamera moja, taa mbili kali na pazia la bluu. Mwanya alisimama mbele ya pazia hilo, hedifoni masikioni, akayageuza maneno ya waheshimiwa kuwa lugha ya alama, na picha yake ikaonekana kwenye kona ya chini ya televisheni nchi nzima. Wasiomhitaji walimwona kama mdudu aliyetua kwenye kioo. Wanaomhitaji hawakutazama kitu kingine.

Siku nzito ilikuwa Alhamisi. Saa tatu asubuhi, kwa nusu saa, Waziri Mkuu alisimama kujibu maswali ya papo kwa papo. Alikuwa mtu mwenye ulimi laini. Swali likija alilishukuru, akalisifu, akalizungusha, akaeleza barabara zilizojengwa na madarasa yaliyopakwa rangi, kisha akakaa huku upande wake ukigonga meza. Mwanya aliwaambia wenzake kwamba kumkalimania mtu anayesema jambo kuna raha yake, lakini kumkalimania mtu anayekwepa jambo kunauma mabega.

Alhamisi hiyo swali lilihusu soko. Miezi minne nyuma ghorofa la soko kuu lilikuwa limeanguka saa nne asubuhi, watu wamejaa tele, na thelathini na mmoja wakafa. Tume ikaundwa, tume ikakaa kimya. Aliyesimama kuuliza alikuwa mbunge mmoja wa upinzani, mwanamke ambaye kabla ya siasa aliuza dawa, na wote walimwita Mfamasia. Aliuliza maswali kama anavyoeleza mtu namna ya kumeza vidonge, polepole, akihakikisha umeelewa. Alitaka kujua kama ofisi ya Waziri Mkuu, kabla ghorofa halijaanguka, ilipokea barua yoyote ya wahandisi kuhusu nyufa za jengo lile.

Waziri Mkuu alijibu kwa mara ya kwanza bila kuzunguka. Alisema hapana, ofisi yake haikupokea barua yoyote. Meza zikagongwa kwa nguvu mpaka kioo cha chumba cha Mwanya kikatetemeka. Waziri Mkuu akakaa, akamwinamia Waziri wa Ujenzi aliyekuwa ubavuni mwake, akaweka kiganja pembeni ya mdomo, na kusema jambo fupi. Aliyezima vipaza sauti alichelewa kidogo, labda sekunde tatu.

Kelele ile ya meza iliufunika ukumbi na televisheni pia. Lakini hedifoni za Mwanya zilichukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye kipaza sauti cha msemaji. Alisikia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefundishwa kusema kila kinachoingia masikioni, ikasema. Akageuza bega kama alivyogeuka yule mkubwa, akaweka kiganja pembeni ya mdomo, akayatoa maneno. Halafu likaja swali la mbolea, akaendelea na mbolea. Hivyo ndivyo kazi ile ilivyo. Maneno yanakupitia, hayalali kwako.

Mchana alikuwa kwenye mgahawa wa wafanyakazi, sahani mbele yake, baba yake alipompigia simu ya video. Baba alikuwa fundi viatu, na ibada yake ilikuwa kutazama Bunge kila Alhamisi kibandani pamoja na viziwi wenzake watano au sita. Hakumsalimu hata. Aliuliza barua ya mwezi wa tatu ni barua gani.

Mwanya alimjibu kwamba hajui anazungumzia nini. Mzee akaegemeza simu kwenye kiatu, akamwiga: bega likageuka, kiganja kikaenda pembeni ya mdomo, kisha mikono ikasema polepole, “Ile barua ya mwezi wa tatu, nani mwingine anayo?”

Hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza alichokuwa amekisikia. Kijasho chembamba kikamtoka mgongoni. Akatazama huku na huku kama kuna aliyeona, ingawa mgahawa mzima ulikuwa unakula na hakuna mle aliyejua mikono inasema nini. Aliigeuza simu kifudifudi mezani.

Alipokwenda chumba cha matangazo kuuliza kwa ujanjaujanja, aligundua kwamba hakuna mwingine aliyesikia. Kwenye rekodi kulikuwa na kelele tupu ya meza. Kwenye taarifa rasmi ya Bunge, iliyochapwa saa kumi, Waziri Mkuu alijibu “hapana” na kuketi. Nchi nzima haikusikia. Waliosikia walikuwa wale wasiosikia.

Ijumaa yote alijipa moyo kwamba jambo litajifia. Jumamosi likafufuka. Kiziwi mmoja, fundi cherehani, alikuwa na mazoea ya kurekodi televisheni kwa simu, naye akakata kipande kile, akaandika chini yake kila neno lililosemwa na mikono, akakirusha. Mpaka jioni kilikuwa kimetazamwa na watu wasio na idadi. Mume wa Mwanya, mwalimu wa hesabu, mtu asiyependa makuu, alikiona kwenye kikundi cha walimu wenzake. Akamwonesha mkewe bila kusema kitu, kisha akaenda kufunga mlango wa mbele kwa komeo, na jua bado lipo.

Jumatatu Mkurugenzi wa matangazo ya Bunge alimwita. Ndiye aliyemwajiri, na hakuwa mtu mbaya. Siku hiyo hakumtazama usoni. Ndani walikuwa wameketi wanaume wawili kutoka ofisi ya Waziri Mkuu, mmoja mnene mwenye kikombe cha chai, mwingine mwembamba mwenye faili la kijani magotini. Walisimama alipoingia. Walimvutia kiti. Adabu ile ndiyo iliyomtisha kuliko kama wangemfokea.

Mnene ndiye aliyezungumza. Alimsifu kwa kazi. Alisema yeye mwenyewe ana shangazi mwenye usikivu hafifu, kwa hiyo anajua uzito wake. Alisema kusimama nusu saa chini ya taa, kelele zote zile, binadamu yeyote angeweza kusikia kisichosemwa. Halafu mwembamba akafungua faili, akatoa karatasi moja iliyokwisha kuchapwa. Mwanya aliisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza herufi zilikuwa zinacheza. Iliandikwa kwa nafsi yake. Mimi mkalimani, kutokana na uchovu, nilitoa alama ambazo hazikutokana na maneno ya Mheshimiwa Waziri Mkuu, na ninaomba radhi. Chini palikuwa na mstari.

Aliuliza kwa sauti ndogo kama hakuna rekodi ya kipaza sauti kile. Mkurugenzi akasema, akiitazama meza, kwamba rekodi za kipaza sauti kimoja kimoja huwa hazihifadhiwi. Mwanya alijua huhifadhiwa siku tisini. Alijua pia kwamba Mkurugenzi anajua kuwa yeye anajua.

“Mume wako bado yuko shule ile ya karibu na kituo cha maji?” aliuliza mnene, akikoroga chai. “Shule nzuri. Karibu na nyumbani.”

Mwanya aliitikia kwa kichwa.

“Na mzee bado anashona viatu? Maana vile vibanda, dada yangu, viko kwenye hifadhi ya barabara. Tunamwombea tu pasije pakatokea bomoabomoa.”

Walimwachia karatasi aende kuifikiria. Walisema hawana haraka, mradi iwe imerudi kabla ya Alhamisi.

Alitoka mle ndani. Hakurudi kwenye meza yake. Alikwenda moja kwa moja kwa baba, karatasi imekunjwa mara nne ndani ya sidiria, na njia nzima kila gari lililopunguza mwendo nyuma yake lilimfanya asogee karibu na ukuta.

Kibanda cha baba kilikuwa na benchi moja, mashine moja ya kushonea soli na televisheni ndogo iliyofungwa juu kwa waya. Mzee alikuwa na kiatu cha kike kwenye kalibu, ile mbao yenye umbo la mguu. Mwanya alimsomea karatasi ile kwa mikono, yote, pamoja na maneno ya yule mnene kuhusu kibanda. Alitarajia baba angewaka. Baba yake alikuwa mtu wa kuwaka. Lakini mzee akasema kwa mikono asaini.

Alisema kibanda si kitu, anaweza kushonea viatu hata chini ya ngazi. Ila yeye amebaki na mtoto mmoja tu duniani, na watu wanaokuja na chai na adabu anawafahamu. Viziwi wenzake watasema, waache waseme. Mikono inaweza kukosea kama mdomo unavyokosea, na hakuna aliyefungwa kwa kukosea.

Mwanya alipaswa kufarijika. Badala yake machozi yakamjaa, na kabla hajajizuia, mikono yake ikaanza kusema kitu alichokaa nacho kwa miaka ishirini na tisa. Alimkumbusha siku ile hospitali, mama amelazwa, daktari amesimama mlangoni na miwani mkononi. Yeye Mwanya alikuwa na miaka tisa. Daktari alisema mama hatafika Jumapili, awaite ndugu. Yeye akamgeukia baba na kumwambia kwamba daktari anasema mama anaendelea vizuri, Jumapili atatoka.

Baba aliacha kushika kiatu.

Mwanya akaendelea, kwa kuwa sasa ilikuwa imeshatoka. Alimwambia kwamba yeye baba alikwenda kununua viatu vipya vya kumtoa mama hospitali, na akavikuta vimekuwa vya kuzikia. Ndugu hawakuitwa. Tangu siku hiyo alijiapiza kutobadilisha hata neno moja la mtu, liwe tusi, liwe uongo, liwe upuuzi, na hajawahi kubadilisha. “Karatasi hii inasema nilibadilisha,” alimalizia. “Nilibadilisha mara moja tu, baba. Si Alhamisi.”

Mzee alinyamaza, yaani mikono yake ilitulia juu ya mapaja, na kwa kiziwi huko ndiko kunyamaza. Macho yake yalikuwa mlangoni. Mteja alikuja kuulizia kiatu chake, akaona sura zile mbili, akasema atarudi kesho. Mwishowe baba alimgusa goti bintiye, akamuuliza alikuwa na miaka mingapi. Akajibu tena kwamba tisa. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema miaka tisa ni midogo sana, akarudi kwenye kiatu. Kuhusu karatasi hakusema tena asaini wala asisaini.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Gari jeupe lisilo na maandishi lilianza kuegeshwa mbele ya duka la mkabala, kutwa nzima, na ndani yake mtu mmoja anasoma gazeti bila kugeuza ukurasa. Mume alijaribu mzaha, akasema gazeti lile lazima lina hesabu ngumu. Hakuna aliyecheka. Watoto walikatazwa kucheza nje bila kuambiwa kwa nini. Mwanya alikuwa akishtuka hata chungu kikichemka na kufunua mfuniko.

Jumanne alikuwa chooni bungeni akinawa mikono, Mfamasia akaingia, akafungua bomba la pili. Alizungumza akiwa ameutazama mchirizi wa maji. Alimuuliza kama angekubali kwenda mbele ya kamati ya Spika kueleza alichosikia.

“Mimi si shahidi, mheshimiwa,” Mwanya alisema. “Mimi ni mkalimani.”

Mfamasia hakumlaumu. Alisema hata yeye amehamisha wanawe kwa dada yake wiki nzima hii, kwa hiyo anajua. Ila Alhamisi atalirudia swali, na ameona si haki alirudie bila Mwanya kuwa na habari. Akafunga bomba, akatoka na mikono inadondosha maji. Mwanya alibaki pale mpaka maji yakawa ya moto na kumchoma.

Alijiambia kwamba Alhamisi hatakuwa zamu. Kweli ratiba ilisema ni zamu ya mwenzake, kijana mmoja mcheshi aliyependa kujisifu kwamba anaweza kukalimani hata akiwa usingizini. Asubuhi ya Alhamisi kijana huyo alituma ujumbe kwamba tumbo linamwendesha vibaya na hawezi kukaa mbali na choo. Hakuna aliyemwamini na hakuna aliyemlaumu. Mkurugenzi alimfuata Mwanya kwenye ngazi, akamnong’oneza kama karatasi iko tayari. Mwanya akasema bado. Uso wa Mkurugenzi ukasawijika. Akasema, karibu kwa kuomba, kwamba basi apande juu, afanye kazi, wakitoka wataimaliza.

Akapanda. Chini, kupitia kioo, aliona jukwaa la wageni. Safu mbili zilikuwa zimekaliwa na viziwi, watu kama ishirini, chama chao kilikuwa kimeomba nafasi kihalali siku nyingi. Mbele yao palikuwa na televisheni ya ukutani inayoonesha matangazo. Baba yake alikuwa wa tatu kutoka pembeni, amevaa koti lake la pekee.

Saa tatu na dakika kumi Mfamasia akasimama. Alimuuliza Waziri Mkuu kama Alhamisi iliyopita, baada ya kukanusha kupokea barua ya wahandisi, alimuuliza Waziri wa Ujenzi ni nani mwingine anayo barua hiyo ya mwezi wa tatu. Mwanya akalitoa swali lile kwa mikono. Vidole vilikuwa baridi kama vimetoka kwenye barafu, lakini vilikwenda.

Waziri Mkuu alisimama akitabasamu. Alisikitika kuona chombo kitukufu kinapotezewa muda na vipande vya video. Halafu akasema, “Mheshimiwa Spika, mkalimani mwenyewe amekiri kwa maandishi kwamba alikosea. Barua yake ninayo ofisini kwangu. Tumhurumie, tuendelee.”

Kumbe hakuna aliyethubutu kumwambia bosi wake kwamba mstari ule bado ni mtupu. Mwembamba alimwambia mnene karibu itakuwa tayari, mnene akamwambia mkubwa wake iko tayari, na mkubwa wake akaiandika kwenye majibu. Lakini hayo Mwanya aliyajua baadaye. Wakati ule alijua kitu kimoja tu, kwamba maneno yako masikioni mwake na kamera iko usoni.

Akayakalimani. Yote, bila kupunguza. Alionesha tabasamu la mkubwa, alionesha huruma yake, na mikono yake mwenyewe ikawaambia viziwi wa nchi nzima kwamba mkalimani amekiri kwa maandishi. Aliona jukwaani vichwa vikigeuka kutoka kwenye televisheni kuja juu, kwenye kioo chake. Baba yake hakugeuka. Aliendelea kuitazama televisheni.

Katika kazi ile, anaposema “mimi” ni mzungumzaji anayesema, si yeye. Yeye hana “mimi”. Ila kanuni inampa tundu moja dogo, kwamba akikosea, au akitaka kusahihisha, anaruhusiwa kuonesha alama ya mkalimani, kisha aseme lake kwa ufupi, kisha aendelee. Kwa miaka yote aliitumia kusahihisha tarakimu na majina ya vijiji.

Meza zilikuwa zinagongwa. Alitaka kukimbia. Aliuona mlango kwa pembe ya jicho, hatua mbili tu. Mikono ikapanda yenyewe, kama ilivyofanya Alhamisi iliyotangulia, ila safari hii aliiona ikipanda na hakuizuia.

“Mkalimani anasema,” ikasema. “Sijaandika barua yoyote. Sikukosea. Nilichosema ndicho nilichosikia. Tunaendelea.”

Jukwaani mikono ishirini, kisha arobaini, ikainuka juu na kutikisa vidole, namna viziwi wanavyoshangilia. Haikutoka sauti hata moja. Spika, mzee aliyefika kwenye kiti kile kwa kutomuudhi mtu, aliinua macho, akaona msitu wa mikono, akashika rungu la mezani.

“Wageni jukwaani, naomba ukimya,” alisema, na ukumbi ulikuwa kimya kama kaburi.

Mbunge mmoja akashindwa kuzuia kicheko. Mfamasia hakucheka. Alikwisha kusimama na kitabu cha kanuni mkononi. Alisema kanuni iko wazi, anayetaja waraka humu ndani anauleta mezani, na Waziri Mkuu ametaja waraka wenye saini ya mkalimani. Anaomba uletwe leo. Spika alimtazama Waziri Mkuu kwa muda mrefu, kama anayemwomba amwepushe. Waziri Mkuu alisema hakuna tatizo lolote. Kwa hiyo Spika hakuwa na pa kupita, akaagiza waraka uwe mezani kwake kabla ya saa saba mchana.

Saa hizo tatu na nusu ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote. Walikuwa wanamngoja chini ya ngazi. Ofisi ya Mkurugenzi ilifungwa kwa ufunguo, wakawa wanne ndani: yeye, Mkurugenzi, mnene na mwembamba. Safari hii hapakuwa na chai. Simu ya mnene iliita kila baada ya dakika chache, naye alisimama kuipokea kama aliyeko mbele ya aliyepiga, akisema ndiyo mkuu, inakuja mkuu. Mwanya aliona shati lake limelowa kwapani. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba chumba kizima kile kina hofu, si yeye peke yake, na jambo hilo halikumfariji. Mtu mwenye hofu anaweza kufanya lolote.

Walimwahidi cheo. Walimwahidi safari ya masomo. Kisha wakamtajia kesi, kutoa siri za Bunge, kuchafua jina la kiongozi, miaka kadha wa kadha. Mwembamba alimwekea kalamu mbele, akaisogeza tena na tena kama mtu anayelisha mgonjwa. Mwanya alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili. Hakuwa na maneno makubwa kichwani. Alimfikiria mume wake, aliwafikiria watoto, na kuna wakati, karibu saa sita, mkono wa kulia ulitoka na kuishika kalamu. Hilo hajawahi kulificha. Aliishika kweli.

Akauliza aandike tarehe gani. Alisema akiandika ya leo, kila mtu atajua Waziri Mkuu alitaja barua ambayo haijakuwapo.

“Tarehe usijali,” mnene alisema haraka. “Tarehe tutaweka sisi.”

Mwanya aliitazama karatasi. “Basi na saini wekeni ninyi,” alisema.

Hakusema kwa ujeuri. Sauti ilikuwa inakatika. Lakini kalamu aliirudisha mezani, mikono akaikalia tena. Mnene alimtazama mwembamba. Mwembamba alitazama faili. Kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aiokote ile kalamu, na hakuna aliyeiokota. Saa saba ilipogonga kwenye redio ya chumba cha pili, Mkurugenzi aliinuka, akafungua mlango kwa ufunguo wake, na bila kumtazama mtu akamwambia Mwanya aende nyumbani.

Waraka haukufika mezani. Jioni Spika alitoa taarifa fupi ya kusikitika. Ijumaa asubuhi, bila mtu kujua imetoka wapi, rekodi ya kipaza sauti kile ikaonekana kwenye sanduku la barua la Mfamasia, sekunde tatu tu, sauti safi. Mwanya alikuwa na wazo lake kuhusu aliyeiweka, kwa sababu wenye ufunguo wa kabati la rekodi walikuwa wawili, na mmoja alikuwa Mwanya mwenyewe. Hakumuuliza Mkurugenzi, naye hakumwambia.

Jumanne Waziri Mkuu alisimama kusahihisha jibu lake. Sentensi nne alizisoma bila kuinua kichwa: kwamba baada ya uchunguzi wa ndani imebainika ofisi yake ilipokea barua ya wahandisi tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, kwamba ilipelekwa Wizara ya Ujenzi, kwamba jibu la awali halikuwa sahihi, na kwamba anasikitika. Barua ikawekwa mezani. Ilikuwa ukurasa mmoja. Wahandisi watatu walikuwa wameandika kwamba nguzo mbili za upande wa mashariki haziwezi kubeba ghorofa na soko lifungwe mara moja.

Waziri wa Ujenzi alijiuzulu wiki hiyo kwa sababu za kiafya, ingawa alionekana mzima wa afya. Waziri Mkuu hakuondoka. Ila Alhamisi zilizofuata, majuma sita mfululizo, aliulizwa barua ile alipoisoma alifanya nini siku hiyo, na siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka ikajulikana hakufanya kitu, na watu wa soko wakapata cha kupeleka mahakamani.

Si Mwanya aliyekalimani majibu hayo. Alihamishiwa chumba cha magazeti ya zamani, na mkataba ulipoisha haukuandikwa mwingine. Kibanda cha baba kilivunjwa pamoja na vingine kumi na viwili, tingatinga moja, asubuhi moja. Mzee akahamia kweli chini ya ngazi za jengo la posta, akasema pana kivuli kizuri. Mume akapata barua ya uhamisho, shule ya mbali, siku mbili kwa basi.

Hofu haikuondoka na hayo. Kwa miezi mingi Mwanya hakuweza kukaa mahali bila kuuona mlango. Akisikia gari likizimwa nje alihesabu mpaka kumi na kungoja hodi. Watu waliomsimamisha njiani kumpongeza waliondoka wakidhani ana maringo, kwa vile alivyokuwa mkavu.

Siku ya kufunga mizigo, mumewe alikuwa amepiga magoti juu ya godoro, analikunja. Alimuuliza, bila kumlaumu, kama ingerudi Alhamisi ile angefanya vile vile. Mwanya aliweka chini sufuria alizokuwa anafunga. Alisema hajui. Alisema angetaka kusema ndiyo, lakini alikuwa ameogopa mno siku ile, na hadi leo anaogopa, na mtu mwenye hofu asiulizwe maswali ya hivyo.

Mumewe akaguna. Alisema jibu hilo angalau halijazunguka.

“Shika hapo,” akamwambia, akimpa ncha ya kamba. “Vuta, nikaze.”